Taka za ofisi huanzia stoo

Mimi ni mtunza stoo katika ofisi moja hapa Kigoma mjini. Si ofisi kubwa. Tuko wafanyakazi arobaini hivi, pamoja na madereva, walinzi na mzee wetu wa usafi. Kila mwaka ikikaribia Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5, huitishwa kikao cha kukumbushana usafi, na kila mwaka kikao hicho kinaishia kuzungumzia pipa. Pipa liwekwe wapi, liwe la rangi gani, nani aliacha chupa dirishani. Nawaheshimu wenzangu, lakini naona habari hii tunaianzia mwisho. Chupa ile kabla ya kufika dirishani iliombwa kwenye fomu, ikaidhinishwa, ikanunuliwa, nikaipokea mimi na kuiandika kwenye leja. Watu watatu au wanne walitia saini ili ije. Nafasi ya kuizuia isiwe taka ilikuwa pale, kalamu ikiwa bado mkononi.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Watu husema Kigoma mwisho wa reli, na ndivyo ilivyo: reli ilifika hapa mwaka 1914, baada ya kukata zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani. Vingi ninavyopokea stoo vimesafiri kwa njia hiyo, au kwa lori: rimu za karatasi, katriji za printa, viti vya plastiki, maboksi ya kalamu. Kuja vinakuja, maana yupo anayelipa nauli. Kurudi ni habari nyingine. Vijana wa chuma chakavu wanapita na mizani yao wakiulizia chuma, shaba na masufuria yaliyotoboka, kwa kuwa vitu hivyo vina uzito na bei yake inabeba gharama ya safari. Chupa tupu inajaza lori kabla mizani haijastuka. Kwa hiyo mzigo mwepesi ukishashuka Kigoma, sehemu kubwa yake imehamia moja kwa moja.

Na mji wenyewe umekaa mteremkoni. Mvua zikianza, mitaro yote ina safari moja, nayo ni ya ziwani. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, zaidi ya mita 1,400 kwenda chini, na tunalimiliki nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Ziwa lote hilo lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, ulioko upande wa Kongo. Tena maji yake mengi hayatoki hata kwa mto huo, yanapanda juu kama mvuke. Mvuke haubebi kifuniko cha chupa. Kifuniko kinachoangushwa leo kwenye mtaro wa Mwanga kikifika ziwani kitabaki humo pamoja na dagaa na migebuka, na wajukuu wa wavuvi wa Kibirizi watakikuta.

Nguvu ya kuzuia kitu mlangoni tumewahi kuiona kwa macho yetu. Miaka mingi tulihimizwa kuokota mifuko ya rambo. Tulifanya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukajaza viroba, na Jumatatu mifuko iko palepale kwenye michongoma na kwenye nyavu. Juni 1, 2019 marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ikaanza kutumika Bara nzima, na sokoni watu wakarudi kwenye vikapu. Ni kweli baadaye vile vifungashio vyepesi vinavyoangaza viligeuzwa kuwa mifuko. Ni kweli pia kwamba mifuko mbadala mingi tunayobeba ni ya polipropilini, yaani bado plastiki, ila imetengenezwa ikafanana na kitambaa. Pamoja na hayo, mtaro unaopita mbele ya ofisi yetu leo si ule wa mwaka 2018. Hakuna pipa lililoleta tofauti hiyo. Kitu kiliacha kuingia, basi.

Sasa nije kwenye maji ya kunywa, maana hapo ndipo nilipopigania zaidi.

Chukua semina ya siku tatu yenye watu thelathini. Kila mtu anawekewa chupa ya nusu lita asubuhi na nyingine baada ya chakula cha mchana. Hizo ni chupa 180, na hapo hujahesabu za wageni wa heshima wanaokuja kufungua na kufunga. Mimi hubaki nyuma kukusanya vifaa, kwa hiyo naijua meza ya semina ikishaisha watu. Chupa nyingi zimenyweka robo. Mtu alitoka kupokea simu, akarudi, akaziona mbili mbele yake hajui yake ni ipi, akafungua ya tatu. Mzee wa usafi anazimwaga moja moja kwenye maua, maji safi tuliyoyalipia, halafu chupa anazitia kwenye kiroba na kwenda nazo nyuma ya jengo, kwenye shimo.

Nilipopendekeza tuache chupa ndogo, hoja ya kwanza kunijia haikuwa ya uvivu wala ya ufahari. Dada mmoja wa uhasibu alisema, "Mimi glasi ya watu wote siigusi. Mmesahau kipindupindu?" Hakuna mtu wa Kigoma wa kumcheka kwa hilo. Mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa mkoa wetu, kipindupindu kilizuka na watu wakafa. Tangu hapo kizibo kilichofungwa kiwandani kina maana kwetu. Anayekuja na somo la mazingira bila kujibu hofu hiyo, watu watamsikiliza kwa adabu kisha watajinunulia chupa zao dukani.

Kwa hiyo tulijibu hofu kwanza. Tulichukua madumu makubwa ya lita ishirini kwa muuzaji anayeyaleta yamefungwa na kuyachukua yakiwa matupu ili yajazwe tena. Kila mfanyakazi akapewa kikombe chake cha bati chenye jina lake. Kwa ajili ya wageni tulinunua glasi za kutosha na beseni mbili kubwa, na dada anayetupikia chai akakubali kuziosha kwa maji ya moto na sabuni, kwa malipo. Nasisitiza neno malipo. Nimeona ofisi zikijisifu kuwa zimeacha vyombo vya kutupa, kumbe mzigo wote umetuliwa mabegani mwa mwanamke mmoja ambaye mshahara wake haukuongezwa hata shilingi. Fedha tuliyokuwa tunanunulia katoni inatosha kumlipa, na salio linabaki. Yule dada wa uhasibu alisimama jikoni akaangalia glasi zinavyooshwa tangu mwanzo hadi mwisho, na siku hiyohiyo akanywa.

Chupa hazikuisha kabisa. Wenzetu wakienda kwa boti vijiji vya mwambao, kukaa kutwa juani, lazima wabebe maji. Hapo nimeweka utaratibu wa kununua chupa za lita moja na nusu tu. Sababu yake niliipata kwa kina mama wanaouza mawese. Wao walikuwa wanapita ofisini kuomba chupa tupu, na niligundua wanachagua: kubwa zinagombaniwa, ndogo wanachukua chache na nyingine wanaziacha. Kubwa wanaziosha, wanazijaza mawese au asali, zinarudi sokoni na kuishi maisha mengine marefu. Hiyo ndiyo karakana ya kurejeleza tuliyo nayo Kigoma, na inaendeshwa na akina mama wenye ndoo na matambara. Ofisi yenye akili itawauliza wao kabla ya kuagiza.

Mzee wetu wa usafi, ambaye wote tunamwamkia shikamoo, alikuwa hajawahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja cha mazingira. Nilimwomba meneja aitwe. Akasimama karibu na mlango, kofia mkononi, akasema, "Wanangu, mimi nachoma mnacholeta." Kisha akaeleza jinsi moshi wa plastiki unavyomkaa kifuani, na jinsi upepo wa jioni unavyousukuma hadi kwenye nyumba za majirani wenye watoto wadogo. Plastiki ikichomwa kwa moto mdogo wa shimoni haiishi, inageuka moshi wenye sumu na masizi. Baada ya maneno yake kikao kilikuwa kifupi. Shimo lile sasa halichomwi plastiki, na taka zinazobaki zinasubiri gari la manispaa. Kikubwa zaidi, ni kidogo kinachosubiri.

Karatasi nazo zina habari yao, na hii imenigusa kwa namna nyingine.

Jioni moja nilinunua karanga njiani nikielekea Ujiji. Mtoto alinifungia kwenye kikaratasi cha umbo la koni, kama kawaida. Nilipomaliza nikakikunjua. Kilikuwa fomu, si ya kwetu, ya ofisi nyingine ambayo siitaji: jina kamili la mtu, namba ya simu, majina ya watoto wake na kiasi cha mkopo alichoomba. Upande wa pili ulikuwa mweupe kabisa. Karatasi hiyo ilikuwa imetumika nusu, na ile nusu iliyotumika ilikuwa siri ya mtu. Tangu Mei 1, 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, ile iliyotungwa mwaka 2022. Hata bila sheria, mtu aliyejaza fomu ile aliiamini ofisi. Nilikichoma kile kikaratasi nyumbani.

Ndiyo maana siungi mkono ule ushauri mwepesi wa "wapeni wauza karanga karatasi zilizotumika." Kwanza wino wa printa si wa kukaa na chakula. Pili, karatasi ya ofisi ina watu ndani yake. Kwetu nimezigawa kwa namna hii: zisizo na jina la mtu wala hesabu za ofisi, na ambazo upande mmoja ni mweupe, nazikata katikati, natoboa, nafunga kwa uzi, zinakuwa daftari za kuandikia dondoo. Madereva wanazipenda kwa kuandikia kilomita. Zenye siri zinapita kwenye mashine ya kuchanachana, na vipande vyake anavichukua mfugaji mmoja wa Gungu anayetandika kwa vifaranga badala ya maranda. Gazeti linakwenda kwa fundi rangi. Lakini narudia, hayo yote ni ya baada. La kabla lilikuwa kumwomba kijana wa kompyuta aipange printa ya korido itoe pande mbili bila mtu kuiambia. Anayetaka upande mmoja ndiye ahangaike kubonyeza. Rimu moja ina karatasi 500. Printa ikigeuza karatasi yenyewe, rimu hiyo inafanya kazi ya karibu mbili, na hakuna aliyehubiriwa wala kukaripiwa.

Tukabadilisha na rasimu. Zamani barua moja ilichapwa, ikapelekwa kwa bosi, ikarudi na koma mbili nyekundu, ikachapwa tena, ikarudi na neno moja. Sasa bosi anairekebisha kwenye kompyuta na inachapwa ya saini tu. Alichelewa kuizoea njia hiyo, mtu mzima ana mazoea yake, na nilimvumilia kwa heshima zote. Leo yeye ndiye anayewauliza vijana, "Hii ya kuchapa ni ya nini?"

Kuna adui mwingine ambaye sijamsikia akitajwa kwenye kikao chochote cha mazingira: mwezi wa sita. Mwaka wa fedha unaishia Juni 30, na wiki za mwisho kila idara inaogopa kurudisha fedha. Hapo fomu zinakuja kwangu kama mafuriko. Bahasha za miaka mitatu. Gundi ya kutosha shule nzima. Kalamu za rangi. Baada ya miezi gundi imekauka, kalamu haziandiki, na bahasha zimeliwa na mchwa, maana mchwa wa Kigoma hawasubiri tarehe ya matumizi. Nimefungua boksi lililokuwa limefungwa vizuri kwa nje, ndani nikakuta udongo mwekundu na vumbi la karatasi, limebaki ganda tu. Karatasi hiyo ilikatwa mti, ikachemshwa, ikasafirishwa bahari na reli, ikaja kuwa kichuguu stoo kwangu bila kuandikwa hata herufi.

Tangu nilipomwonyesha meneja boksi lile, kila fomu ya mwezi wa sita lazima iambatane na karatasi yangu inayoonyesha salio la stoo na matumizi ya miezi kumi na miwili. Kama bahasha zilizopo zinatosha mwaka, fomu inarudi. Wapo walionuna. Mmoja alinisema kwamba stoo siyo ya mama yangu. Nilimjibu, "Kaka, ni kweli, na ndiyo maana naitunza." Tumeendelea kusalimiana.

Viti na feni navyo nimeviwekea masharti: anayeomba kipya aje na cha zamani. Nusu ya viti vinavyoitwa vibovu vinataka skrubu mbili na fundi wa nusu saa. Mji huu una historia ya kutunza vyombo. Ile meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa kwa vipande ndani ya maboksi, ikaungwa hapahapa na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakikimbia vita waliizamisha wenyewe, lakini mafundi walizipaka mashine zake grisi nene kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na kufikia 1927 ilikuwa inasafiri tena. Mashine zilikaa chini ya maji miaka kadhaa na zikawaka. Sasa sisi tunatupa feni kwa sababu ya waya uliokatika.

Chakula sitakiongelea sana. Mama ntilie wetu alikuwa analeta wali na migebuka kwenye vile vyombo vyeupe vya kutupa kwa sababu ofisi ilimwambia hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa anaona hasara. Tumemwambia alete kwa hotipoti na sahani zake za melamini, akafurahi. Mabaki yana kuku wa kuyala. Taa pia: miaka ile Kigoma ikiwa nje ya gridi ya Taifa, umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na walioishi wakati huo wanazima taa bila kuambiwa. Vijana tunawafundisha.

Mabango, ndiyo, hayo niyasemee. Kila tukio lilikuwa na bango lake la plastiki lenye jina la semina, ukumbi na tarehe. Tarehe ikipita, bango limekufa. Mengine yanageuka paa la kibanda cha bajaji, vizuri, lakini mengi yalikuwa yamelala kwangu yamekunjwa, picha za viongozi waliokwisha kuhama. Sasa tuna mabango mawili tu, yenye jina la ofisi na nembo, hayana tarehe wala mada. Mada inaandikwa kwa chaki ubaoni mbele ya ukumbi. Picha zinatoka vizuri vilevile.

Jambo ambalo bado halijakaa sawa ni katriji za printa. Nina rafu nzima ya zilizoisha wino, na boksi la mpya kabisa ambazo mashine yake ilibadilishwa kabla hazijatumika. Shimoni siwezi kuzitia. Unga wake wa wino ni mwembamba na plastiki yake ni ngumu. Baadhi nimempa fundi anayejaza upya, ila si kila aina inakubali. Mzabuni wetu yuko Dar es Salaam na lori lake linakuja na mzigo, linarudi karibu tupu. Kwa hiyo nimeandika dokezo: mkataba unaoanza Julai uwe na kipengele kinachomtaka mzabuni achukue katriji tupu kila anapoleta mpya, na kwamba printa isibadilishwe kabla stoo haijaulizwa salio. Zile mpya zisizo na mashine nimezitangaza kwa ofisi jirani zenye printa ya zamani, na moja imeshakuja kuchukua nusu boksi. Dokezo limeshapita kwa afisa manunuzi, sasa liko mezani kwa meneja. Mzabuni naye amepiga simu kuuliza zikipakiwa nani atalipa kuli wa Kigoma, nikamwambia hilo aliandike kwenye bei yake tulione.